Mfuko wa Jibu

Ipo nchi moja ambayo wachora ramani waliikosa kwa uzembe wao wenyewe, kwa maana walifika langoni, wakauliza jina lake, kisha wakaenda zao bila kungoja jibu. Jina lake ni Majibizano. Haina sultani wala waziri, haina mnara wala jumba, na ndani yake hakuna dari iliyoinuliwa makusudi ili ipite dari ya jirani. Ina mitaa minne tu, na kila mtaa una lango lake, komeo lake na ada zake. Mtaa wa Taratibu husema kwa staha na kwa vituo; Mtaa wa Vicheko hauwezi kutoa hata taarifa ya mvua bila mzaha; Mtaa wa Faragha hufungua madirisha unapopenda na kuyafunga bila kuomba radhi; na Mtaa wa Wabishi, Mola awazidishie afya, haujapata kukubali jambo lolote kwa mara ya kwanza tangu nchi ilipokaliwa. Hakuna mtaa unaoutawala mwingine. Mtu akichoshwa na ada za hapa hufunga virago akahamia pale, akaichukua na kamba yake.

Kamba hizo ndizo fahari ya nchi. Zimetandazwa kutoka dirisha hadi dirisha, juu ya vichochoro vyote, na juu yake hupita vikapu vya ukindu vyenye mifuko miwili: wa mbele ni mfuko wa neno, wa nyuma ni mfuko wa jibu. Mwenye neno huliandika, akalitia mbele, akakisukuma kikapu kwa jirani. Jirani husoma, na akiona lafaa hukipitisha kwa jirani yake, na huyo kwa wake, mpaka neno limalize mitaa au lichoke njiani. Asiyelitaka hukirudisha, na hakuna wa kumlaumu. Aliyependezwa lakini hana la kusema hufunga utepe mwekundu katika mkono wa kikapu, basi, kama mtu apungaye mkono njiani akaendelea na safari yake. Lakini mwenye la kusema hulitia nyuma. Na ada ya nchi nzima, ambayo hata Wabishi waliikubali baada ya miaka arobaini, ni kwamba kikapu kikirudi, mwenyewe hatumi kingine mpaka asome yaliyomo nyuma na ajibu walau moja.

Katika nchi hii alihamia Vuma bin Tajika, na sasa nawaombeni mkae vizuri, kwa sababu huyu bwana ana mambo.

Vuma alitoka Mnarani, nchi yenye mnara mmoja mrefu, mali ya tajiri mmoja aitwaye Mwinyi Hodhi. Huko watu hupangwa katika vidato vya mnara: wa juu husikiwa na wote, wa chini husikiwa na wachache, na walio uwanjani hawana kazi ila kupiga makofi. Hapana ajibuye, maana sauti ya uwanjani haipandi juu. Vuma alikaa kidato cha saba miaka kumi na miwili, akavaa joho lenye zari, akasema kila asubuhi kwa balagha na madaha, na makofi yakamlea mpaka akaamini kuwa ndiyo chakula. Kisha asubuhi moja Mwinyi Hodhi aliamka na kisirani chake, akamteremsha Vuma, akampa kasuku kidato kile. Kilichomkata maini Vuma hakikuwa kasuku. Kilichomkata maini ni kwamba makofi hayakupungua.

Basi alifika Majibizano akiwa na sanduku moja, joho moja, na azma moja tu kifuani: asikae tena duniani bila watu wa kumsikiliza. Hakuwa na pa kurudi, na alijua. Alipewa nyumba katika Mtaa wa Taratibu, ukuta kwa ukuta na Bi Itika, mjane mshona vikapu, mwanamke mwenye macho ya kucheka na mikono isiyotulia. Bi Itika alimshonea kikapu cha kwanza kuwa hidaya ya ugeni, na Vuma akakitia zari pembeni ili kifanane na joho lake.

Neno lake la kwanza lilikuwa hili: "Enyi watu wa Majibizano! Jua limechomoza, nanyi chomozeni! Mimi natoka nchi ambayo mkate wake wa kumimina huumuka ukafika ukingoni mwa sufuria. Basi umukeni, enyi watu, umukeni hivyo hivyo!"

Kikapu kilizunguka, kikarudi na tepe tatu na mfuko wa nyuma umevimba. Vuma akaufungua kwa shauku. Karatasi ya kwanza, kutoka Vicheko, iliuliza: "Tuchomoze tuelekee wapi, bwana, na chai bado haijaiva?" Ya pili, kutoka Wabishi: "Jua halikuchomoza leo. Palikuwa na wingu. Tunao mashahidi." Ya tatu ilimwuliza jina la mama yake, ya nne ilimwuliza kama amepata mkeka wa kulalia, na zilizobaki ziliuliza mambo mengine ya aina hiyo. Maskini Vuma! Wenyeji walikuwa wakimkaribisha kwa kadiri ya adabu zao, naye akaona anazomewa. Kwa miaka kumi na miwili hakupata kuulizwa swali, na mtu asiyezoea kuulizwa huona kila swali ni kofi la shavuni.

"Maelfu wamenisikiliza," alinung'unika, "wala hakuna aliyeniuliza habari za mawingu."

Akakikung'uta kikapu dirishani, karatasi zikaanguka. Kisha akatoa shazia, ile sindano nene ya kushonea mikeka, akaitia uzi wa ukindu na kuushona mfuko wa nyuma kutoka pembe hadi pembe, mishono midogo na imara. Alidhani amerekebisha kosa la mfumaji. Tangu siku hiyo kila kikapu alichopata alikishona vivyo hivyo, na kwa kuwa mfuko wa nyuma haukuwa na kitu, hakuwa na kitu cha kujibu, na kwa kuwa hakuwa na cha kujibu aliweza kutuma vikapu ishirini kwa siku. Ada haikuvunjwa. Ilizungukwa tu, na mjanja mwenyewe hakujua kuwa amefanya ujanja.

Bi Itika alimwona, akaegemea ukuta. "Bwana Vuma, mbona kikapu changu umekiziba?"

"Nimekitengeneza, Bi Itika. Kilikuwa kinaingiza."

"Kinaingiza nini? Maji?"

"Maneno ya watu."

Bi Itika akacheka mpaka akajifuta machozi kwa upande wa kanga, kisha akaacha kucheka, akamtazama jirani yake kwa huruma. "Haya," akasema. "Kikapu ni chako. Lakini mimi nikitaka kukujibu nitapita ukutani."

Watu wa Majibizano wana tabia moja njema ambayo safari hii iliwaponza: hawafungui kilichofungwa. Dirisha lililofungwa hawaligongi, na mfuko ulioshonwa hawaufumui. Walipoona vikapu vya Vuma vimeshonwa nyuma walisema, "Bwana huyu hapendi kujibiwa, tumheshimu," wakafunga tepe. Na kwa kuwa maneno yake yalikuwa matamu na hayakudai kitu, waliyapitisha upesi upesi kutoka mtaa hadi mtaa. Ndani ya miezi michache dirisha la Vuma lilikuwa jekundu kwa tepe hata mwanga ukapata taabu kuingia, na wageni walikuwa wakiletwa kulitazama. Hapakuwa na msemaji mashuhuri kuliko yeye katika mitaa minne. Hata Wabishi walikiri, kwa shingo upande.

Na je, alikuwa na furaha? Hakuwa nayo. Nalisema waziwazi kwa sababu mwenyewe alilificha. Kila jioni Vuma alijaribu kupika mkate wa kumimina wa kwao, na kila jioni mkate ulitoka bapa na mgumu, akautafuna peke yake chini ya zile tepe, akiwa na hamu ya kumwuliza mtu amekosea wapi, na asijue hata swali linaanzwaje. Sauti pekee iliyomfikia ilikuwa ya Bi Itika kutoka ukutani, "Umekula, Bwana Vuma?" naye hujibu, "Nimekula, alhamdulillahi," akajiona ana nafuu mpaka kesho yake.

Mwaka ukatimia, ikaja Siku ya Kuitikwa.

Hiyo ndiyo siku ya mgeni. Mgeni aliyemaliza mwaka hutuma kikapu kimoja mchana kweupe chenye swali moja, swali la kweli, la jambo asilolijua. Kikapu huzunguka mitaa minne, na kikirudi hufunguliwa hadharani, katika uwanja wa kisima. Pakiwa na jibu, hata moja, mgeni huitwa jirani na haitwi tena mgeni maisha yake. Pasipokuwa na jibu mpaka kivuli cha ukuta wa uwanja kiguse kisima, hakuna askari wa kumfukuza, kwa maana askari hawapo. Ila kila nyumba hufungua fundo la kamba yake kwa mkono wake mwenyewe, na mtu asiye na kamba Majibizano hana sababu ya kukaa.

Asubuhi ile Bi Itika alibisha hodi, mkononi ana kikapu kipya kisicho na pambo lolote. "Bwana Vuma, chukua hiki. Mifuko yake yote miwili iko wazi."

Vuma akakitazama kikapu kile kinyonge, kisha akatazama kile cha kwanza chenye zari kilichoning'inia ukutani. "Nakushukuru kwa ihsani yako, Bi Itika, lakini leo nchi nzima itanitazama. Sitaki nionekane sina hadhi."

"Utaonekana huna mahali pa kutia jibu."

"Watu hawa wananipenda. Tazama dirisha langu!"

"Natazama," akasema Bi Itika. "Ndilo dirisha zuri kuliko yote, wala sijaona mtu akichungulia humo." Akaenda zake uwanjani, amekasirika, maana alikuwa amekwisha kumzoea mtu huyu na hakutaka kumpoteza.

Uwanja wa kisima ulijaa. Mwenye zamu ya kusimamia mkutano alikuwa Sheha Wastani wa Mtaa wa Taratibu, mtu wa makamo, si mrefu si mfupi, ambaye hakuwa na amri juu ya mtu ila ya kusema nani aseme na nani angoje. Vuma akasimama na joho lake, akaliandika swali, akalisoma kwa sauti iliyotikisa madirisha: "Enyi majirani! Ni nani miongoni mwenu asiyependa uzuri?" Akalitia katika mfuko wa mbele wa kikapu cha zari, akakisukuma.

Kikapu kikaenda. Kikapita Taratibu, kikapita Vicheko, kikakaa kidogo Wabishi, kikaingia Faragha ambako madirisha yalifunguliwa kidogo na kufungwa tena. Kiliporudi kilikuwa kimebeba tepe nyingi hata kamba ikalegea, kikaburuzwa chini katikati ya kuku, na kuku mmoja akapanda juu yake akasafiri nacho mpaka kisimani. Watu wakashangilia. Vuma akainama kwa taadhima, kulia na kushoto.

"Bwana Vuma," akasema Sheha Wastani kwa upole, "tufungulie mfuko wa jibu."

Vuma akakigeuza kikapu. Akaiona mishono yake mwenyewe, midogo na imara.

"Haufunguki," akasema.

"Basi hakuna jibu."

"Lakini tepe hizi! Hamzioni tepe?"

"Tunaziona, na tulizifunga sisi," akasema Sheha Wastani. "Tunakupenda, bwana. Ila hukutuachia pa kusemea."

Mzee mmoja wa Wabishi, Bwana Sikubali, akadakia: "Tena lile halikuwa swali! Jibu lake alikuwa nalo mwenyewe kabla hajauliza! Mimi niliandika kurasa mbili za kumpinga, nikakosa pa kuzitia, na mpaka sasa ninazo mfukoni na zinanikera!"

Kivuli cha ukuta kilikuwa kimebakisha hatua tatu kugusa kisima. Na kwa kuwa hakuna aliyetaka kuonekana ndiye mwenye haraka ya kufungua kamba, watu wakaanza kuondoka mmoja mmoja, kwa huzuni na adabu, kwenda kufungua mafundo. Mama mmoja wa Vicheko alimpitia Vuma akamwambia, "Utusamehe, bwana. Tulikuwa karibu kukuita jirani," na kwa mara ya kwanza katika historia ya mtaa wake hakucheka.

Hofu ikamshika Vuma. Alikumbuka uwanja wa Mnarani, makofi yasiyopungua, na kasuku. Akaelewa, palepale kwenye vumbi la kuku, kuwa watu hawa wangemkumbuka kama makofi yalivyomkumbuka, yaani wasingemkumbuka kabisa, na kosa halikuwa lao. Akakaa chini na joho lake, akatoa shazia, akaanza kufumua mshono mmoja baada ya mwingine. Hakujua anatafuta nini. Alichotaka ni kuona mfuko ule uko wazi, basi.

Mshono wa mwisho ulipokatika, kikaanguka kipande cha karatasi kilichokunjwa mara nne. Kilikuwa kimenasa penye pindo tangu siku ile ya kwanza, alipokikung'uta kikapu kwa hasira. Akakikunjua akasoma, kwanza kimoyomoyo, kisha kwa sauti ndogo ambayo watu hawakupata kuisikia kwake: "Bwana mgeni, salamu. Huo mkate wenu wa kumimina mnaufanyaje mpaka ukaumuka hivyo? Nina hamu ya kujua. Na je, leo umekula? Ni mimi, Bibi Dodosa, wa nyumba ya mwisho Mtaa wa Faragha."

"Jibu hilo!" akapaza Bi Itika. "Sheha, jibu limepatikana!"

"Si jibu!" akasema Bwana Sikubali. "Ni swali, tena limetangulia mwaka mzima kabla ya alichouliza. Siwezi kukubali."

"Ni kweli," akasema Sheha Wastani, na sauti yake ilionyesha kuwa angependa isiwe kweli. "Hilo ni swali. Tena halijajibiwa."

Vuma akainua macho. "Bibi Dodosa yupo?"

Watu wakapisha. Nyuma kabisa, juu ya kigoda, alikaa ajuza mdogo wa umbo amejitanda kanga mpaka usoni, kama ilivyo ada ya mtaa wake. "Nipo, mwanangu. Nimengoja mwaka. Nikasema, labda anapima viungo."

Hapo uwanja mzima ungecheka, lakini Vuma alikuwa akilia, na machozi yalikuwa yakimchuruzika mpaka kwenye zari. "Bibi, niwie radhi," akasema. "Nakujibu sasa. Mkate sijui kuupika. Nilijisifu nao na siujui. Kila jioni naloweka mchele, nausaga, napasha tui mpaka lichemke, natia sukari na iliki, natia hamira humo humo wakati bado lafuka moshi, nangoja, na kila jioni hauumuki. Nimeula bapa mwaka mzima. Nimekula, bibi, lakini sijala vizuri. Nakosea wapi?"

Kivuli kikabakisha shubiri moja kugusa jiwe la kwanza la kisima.

Bibi Dodosa akasimama juu ya kigoda chake, akautoa uso kwenye kanga mbele ya mitaa minne, jambo ambalo watu wa Faragha husimulia hadi leo. "Umekosea!" akasema, na sauti yake ilikuwa kali kuliko umbo lake. "Umekosea kabisa! Nani amekufundisha kutia hamira kwenye tui la moto? Umeiua, mwanangu! Umeiua mwaka mzima! Ngoja lipoe mpaka kidole kivumilie, ndipo utie!"

Vuma bin Tajika, aliyepigiwa makofi miaka kumi na miwili na kufungiwa tepe mwaka mmoja, alisikia neno lile la "umekosea" likamwingia kifuani kama uji wa moto kwa mtu aliyefunga. "Nimekosea!" akasema, akicheka na kulia kwa pamoja. "Sheha, umesikia? Ameniambia nimekosea!"

Sheha Wastani akamgeukia Bwana Sikubali, na watu wote wakamgeukia. Bwana Sikubali akakuna kidevu. Akakitazama kivuli, akamtazama ajuza, akatazama zile kurasa zake mbili. "Aliuliza asilolijua," akasema kwa shida, "akajibiwa asilolitarajia. Ninazo hoja tatu za kupinga." Akavuta pumzi. "Nitamtumia kesho kwenye kikapu. Mfuko ukiwa wazi."

Mayowe ya furaha yaliyofuata yaliwatawanya kuku wote wa Mtaa wa Taratibu. Waliokuwa wamefungua mafundo wakakimbia kuyafunga tena, wengine wakafunga kamba zisizo zao, ikawa vurugu ya siku mbili kuzitengua. Bi Itika akamfikia Vuma, akamwinua, akamkung'uta vumbi. "Haya, jirani," akasema. "Umekula?"

"Sijala," akasema Vuma. "Njoo tupike."

Jioni ile mkate uliumuka. Haukufika ukingoni mwa sufuria, nami sitatia chumvi kwa kuwa hadithi inaelekea mwisho. Ulifika nusu, ukawa laini, na Bi Itika akala vipande vitatu. Joho lile Vuma alilikata, akashonea zari zake vishikio vya vikapu vya mtaa mzima. Tepe za dirishani alizitoa kidogo kidogo, mwanga ukaingia, na watu walipochungulia wakamwona ana mvi.

Umaarufu wake ulipungua. Hutuma kikapu kimoja kwa siku, mara nyingine kwa siku mbili, kwa maana mfuko wa nyuma hurudi umevimba na lazima asome: Vicheko wamemtania, Faragha wamemwuliza bila kutaja majina, na Bwana Sikubali yuko kwenye hoja ya kumi na tisa kati ya zile tatu. Asubuhi moja Vuma alimpelekea Bibi Dodosa kipande cha mkate kwa kikapu, na pamoja nacho neno fupi la kumtaka akionje. Kikarudi na utepe mmoja mwekundu, na nyuma karatasi iliyokunjwa mara nne: "Iliki imezidi."

Vuma aliuweka utepe mezani bila kuutazama. Akavuta kiti, akaandika, "Nipunguze ngapi, bibi?" akakisukuma kikapu, kisha akakaa dirishani kungoja jibu.